Wapiga pasi walivyolitia Jicho adabu

Saa mbili asubuhi. Pasi ya mvuke inafoka, na Babu Mikunjo, miaka hamsini na minane, ametandaza koti la daktari mezani. Hapigi kwanza. Anatia vidole kila mfuko, anatoa kalamu, anaitupa kwenye kopo. Ndipo pasi inashuka.

Vidole hivyo nusura vimkoseshe kazi.

Mwaka jana bosi wa kiwanda hiki cha udobi alifunga kamera yenye akili bandia. Wafanyakazi wakaiita Jicho. Mkono usioshika pasi, Jicho liliuhesabu mvivu. Miezi miwili, wapiga pasi wanne nje, na hakuna aliyeulizwa neno.

"Wa tano kufukuzwa ningekuwa mimi," anasema. "Mke nimeshamzika, watoto wawili bado wanakula kwangu. Niende wapi?"

Alikwenda ofisi ya kazi mara tatu. "Mkubwa mmoja ananiambia, mzee, sheria ya mambo hayo inaandaliwa. Nikamwambia, andaeni taratibu mwanangu, mtatusomea makaburini."

Ndio wakubwa wetu hao. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Basi wapiga pasi wakakubaliana: Jicho lipewe linachotaka. Siku nzima hakuna aliyepekua mfuko. Jicho likawasifu wote! Jioni, kalamu zilikuwa zimepasukia mifukoni chini ya pasi, na makoti thelathini na saba ya hospitali yamelowa wino.

Matroni wa hospitali, mteja mkubwa kuliko wote, alikuja amewaka.

"Nani kafanya uchafu huu?"

"Muulize msimamizi wetu, mama," Babu akajibu, akinyoosha kidole darini kwenye kamera. "Anasema kupekua mifuko ni uvivu."

Matroni hakungoja bunge. Alimgeukia bosi: "Mashine hii isimhukumu mtu peke yake. La sivyo, nguo zangu nabeba leo."

Hoteli mbili, nazo wateja, zikadai hivyo hivyo. Bosi akatia saini: Jicho likimshtaki mtu, wapiga pasi watatu watazame picha kwanza, na uamuzi ni wao. Wale wanne wamerudi kazini.

"Juzi limenishtaki mimi," anacheka mkunja mashuka wanayemwita Shangazi. "Kosa langu? Chafya!" Kesi ilifutwa kwa dakika mbili.

Jumatatu ijayo Babu Mikunjo anakwenda kiwanda cha mikate mtaa wa pili, nako wamefungiwa kamera.

"Wameniuliza waanzie ofisi gani," anasema. "Nimewaambia, ofisi ziacheni zilale. Anzeni kwa anayenunua mkate."