Mayai Tisa chini ya Kakuku Kangu

Hata leo, na uzee huu, ukungu wa Masisi ukishuka asubuhi hadi kwenye migomba, ninawaona tena kuku wetu wakitoka jikoni mmoja mmoja, wakubwa mbele, kakuku kangu nyuma. Sijui kama ninakumbuka au ninaota. Msiniulize.

Papa alikuwa amebadilisha mbuzi na mpishi wa shamba la wazungu, akaleta kuku wawili wa kizungu na jogoo wao, weupe, wazito. Alijivuna nao, ungedhani kawataga yeye! Kakuku kangu nilipewa na koko, mama yake mama. Kalikuwa kekundu, kafupi, kanaenea katika viganja vyangu viwili. Tukimwaga punje, wakubwa walikasukuma pembeni, nami niliwafukuza kwa fagio huku nikiwatukana.

Papa akasema, "Haka hakana hata nyama ya kujaza jino. Maharagi ikikauka, kanaenda mu nyungu."

Nililia mpaka koko akachoka nami.

"Nyamaza, mutoto. Ile ya kizungu inajua kutaga tu, kulalia hapana. Haka njo kanajua kulalia. Ukapatie mayai yao. Lakini ine tu. Ine njo kanaweza kufunika."

Manne! Mimi nilitaka kumfunga Papa mdomo kabisa. Nikaweka tisa.

Kakuku kakapanda juu ya lile rundo, kakajitandaza mpaka mabawa yakagusa chini, na bado mayai yakachungulia pande zote. Hakakukataa. Kila siku kaliyageuza kwa mdomo, ya nje yaingie ndani, ya ndani yatoke nje, na baridi yetu ya mlimani ikayala yote kwa zamu. Hilo sikulijua. Mvua ikinyesha nilikaa mbele yake, moshi machoni, nikaona vifaranga tisa wakitembea uani nyuma ya mama yao mfupi, na Papa akiwahesabu. Sijawahi kuwa na furaha kama ile.

Siku zikatimia. Mayai manane yakanuka. Koko aliyavunja nyuma ya nyumba, akanitazama tu, loo, heri angenipiga. La tisa likatoa kifaranga mmoja, dume.

"Moja tu?" Papa akauliza, na maharage yalikuwa yamekwisha kukauka.

"Moja iko moja," mama akamjibu. "Acha kakalelee."

Dume yule akakua, Mungu wangu! Msimu uliofuata alikuwa amempita mama yake mara mbili, lakini mvua ikianza alikuja mbio kuingiza kichwa chini ya bawa lake, akamwinua mzima mzima, miguu ikielea hewani. Kakuku kakashikilia bawa wazi hivyo hivyo. Papa alicheka hata mbavu zikamuuma. Habari ya nyungu haikusemwa tena.

Kisha baba mkubwa akafika kutoka Walikale, ametembea siku nyingi kutoka msituni, na hatukuwa tumemwona miaka. Mgeni wa namna hiyo humpi maharage. Papa akamtazama jogoo wake wa kizungu, mbegu ya kundi lote, akageuka.

"Ile ya kakuku," akaniambia. "Ukamate weye, haikukimbiaka."

Kweli hakunikimbia. Alikuja mwenyewe mkononi, na mimi nikamshika. Nyama nilikula pamoja na wengine, na ilikuwa tamu, sitadanganya. Utamu huo ndio unaonikasirisha mpaka leo.

Alasiri mvua ikaanguka. Kakuku kakasimama mahali pake chini ya paa, kakaita, kakafungua bawa. Nilikaa mlangoni nikikatazama. Hakakulifunga bawa lile mpaka mvua ilipokwisha, na chini yake palikuwa na nafasi ya wanne.