Ufa wa Sinki

Tulikuwa tumelipa kodi ya miezi sita, mume wangu akafariki mwezi wa pili. Kodi ilipokwisha niliamua kuhama Pangani, pale Kibaha, nirudi kwa mama yangu Vihingo, Kisarawe. Sikulia wakati wa kufungasha. Nilikunja mashuka, nikafungua kitanda, nikaziba matundu ya misumari na kupaka rangi juu yake. Mikono ilifanya kazi yenyewe.

Mwenye nyumba, mzee mstaafu aliyeishi nyumba ya mbele, alikuja asubuhi na mkataba wetu mkononi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Pole, mwanangu."

Akafungua mabomba, akavuta maji chooni, akajaribu vitasa. Jikoni akainamia sinki.

"Na huu ufa?"

"Tuliukuta, baba."

"Hapana, niliwapa nyumba nzima. Itabidi nikate kwenye ile amana mliyoniwekea mlipohamia."

Nilitoa simu. Siku tuliyohamia, mume wangu aling'ang'ania tupige picha kila kona kabla hatujaingiza hata kiti. Nilimcheka, nikamwambia anajifanya wakili. Tangu msiba sikuwahi kuzifungua picha zile. Sasa nilizipitisha kwa kidole, moja moja: dari, wavu wa dirisha uliotoboka, mlango wa stoo. Kisha sinki. Na yeye yumo, amechuchumaa na shati lake la bluu, kidole kwenye ufa, anacheka.

Mzee akaipokea simu, akavaa miwani. Akaitazama muda mrefu kuliko ufa ulivyohitaji.

"Marehemu alikuwa mtu makini," akasema. "Nisamehe, mwanangu. Nilisahau."

Akanitumia amana yote palepale. Ujumbe ulipoingia niliusoma kama mtu anayesoma bei ya sabuni. Nilingoja nifurahi, au niumie. Hakikuja kitu. Aliandika nyuma ya mkataba kwamba hatudaiani, tukasaini wote wawili, nikamkabidhi funguo.

Kirikuu kilichobeba vyombo vyangu kilifika Vihingo alasiri. Mama hakuuliza habari za nyumba.

"Umekula?"

"Nimekula."

Sikuwa nimekula tangu jana yake. Akaingia jikoni, akarudi na ugali na kisamvu, akaketi mkekani mbele yangu. Hakuondoka mpaka nilipomaliza.