Saveya Aliyekula Kwetu

Juzi nilikuwa nampeleka mwanangu sokoni Khayega, akaniuliza kwa nini barabara inapiga kona pale karibu na kwetu ilhali hakuna mlima wala mto. Nilitamani kutema mate. Wacha nikueleze, rafiki yangu, maana hata wewe umepita hapo mara nyingi ukidhani kona hiyo ni kazi ya Mungu.

Tulikuwa tumepata uhuru juzijuzi tu. Tuliambiwa barabara mpya inakuja, na saveya, mpimaji wa barabara, akafika na vigingi vyake vyenye vitambaa vyekundu. Nyanya alikuwa na hofu moja tu: kaburi la babu, lililokuwa uani kando ya migomba. Basi akaamua kumlisha saveya. "Mtu akikulanga ingokho yangu, kuku wa kwangu," alisema, "hawezi kunitendea vibaya." Watu wetu wote waliamini hivyo, na mimi pia.

Siku nne nilinyonyoa kuku. Hadi leo ile harufu ya manyoya yaliyomwagiwa maji moto inanirudia. Firigisi ni ya mwenye boma, na tangu babu afe hakuna aliyethubutu kuigusa, lakini nyanya alimwekea saveya kwenye sahani. Lile jitu lilikula! Likafyonza mifupa, mafuta yakilitiririka kidevuni, likajipangusa kwa kitambaa cha meza ambacho nyanya alikifuma mwenyewe. Vigingi vikanyooka kupitia shamba la kahawa la diwani, mbali na kwetu. Nyanya akaimba jikoni.

Siku ya tano asubuhi tukakuta vigingi vimehamia uani kwetu. Kimoja kilikuwa juu ya kaburi. Diwani alikuwa ameongea na saveya, kila mtu alijua, na kahawa yake ikapona. Kinachonichefua zaidi ni kwamba mchana saveya alikuja kama kawaida, akanawa mikono, akaketi. "Mama, barabara ni ya wananchi wote," alisema, akingoja sahani. Na nyanya, ambaye hakulelewa kumnyima mgeni, akampakulia. Tingatinga lilikuja wiki iliyofuata, likakata kona hiyo juu ya kaburi la babu.

Nyanya aliishi miaka mingi baada ya hapo, lakini hakumwita tena mpita njia aje ale. Zamani, ukipita boma lolote saa ya chakula, uliulizwa ukoo wako ukiwa tayari umeshanawa mikono. Sasa nani anaita? Mimi mwenyewe, mtu akipiga hodi nikiwa mezani, naifunika sufuria kwanza ndipo nafungua mlango. Naona haya, lakini naifunika.