Shimoni Mtu Haitwi Jina

Nakumbuka mchana mmoja machimboni, upande wa Segese, jua likiwa utosini na mashine zote za kusaga mawe zimezimwa. Mwanangu, kama hujawahi kufika kwenye machimbo yaliyonyamaza, shukuru. Kule kelele ndiyo uzima. Ukikuta kimya saa za kazi, ujue kuna watu chini.

Wakati huo nilikuwa binti, nauza vitenge sokoni Nyasubi. Habari zilinifuata hapohapo mezani: duara limetitia tangu asubuhi. Duara ndilo shimo la kuchimbia dhahabu, na kaka yangu Masanja alikuwa ndani yake. Nilidandia lori lililobeba magogo ya kuegemeza mashimo, sikufunga hata bidhaa zangu.

Niliwakuta wanaume wamesimama mbali, mikono nyuma, kama watu waliofika msibani kabla ya wenyeji. Udongo wa duara lao ulikuwa bado unateremka wenyewe, kidogo kidogo, bila kuguswa. Kamba ya kushukia ilikuwa imefukiwa. Pembeni palikuwa na duara kuukuu, lililoachwa miaka mingi baada ya watu kufia humo wasitolewe. Pumzi ya baridi ilitoka mdomoni mwake. Kuku mmoja alilisogelea akidonoa, akasimama mguu mmoja juu, kisha akarudi alikotoka.

Humo ndani kulikuwa na kitu kinagonga. Ko, ko. Kimya. Ko, ko.

"Kaka yangu yuko wapi?" nilimuuliza Baba Neema, msimamizi wa duara.

"Bado hatujui, dada."

"Na hao wanaogonga?"

Hakunitazama. "Hao si wetu. Hao wapo siku zote."

Waliamini kwamba wale waliofia humo walikuwa misukule, bado wanachimba. Mganga alikuwa ameitwa, naye angefika kesho yake. Mpaka hapo hakuna ambaye angegusa duara kuukuu, na lile jipya halikuchimbika kwa jinsi lilivyokuwa linaporomoka. Kesho. Mtu aliyefukiwa ana hewa ya mpaka lini?

Nikapiga magoti kwenye ukingo, nikaita kwa nguvu zangu zote: "Masanja!"

Kugonga kukakoma.

Wanaume walirudi nyuma. "Umeharibu," mchimbaji mmoja alisema polepole. "Shimoni mtu haitwi jina. Sasa wameshamjua."

Ndiyo ilikuwa desturi yao. Aliye chini huitwa kwa kutikisa kamba. Akisikia jina lake likitoka gizani haitiki, maana anayeita huenda si mtu.

Mwanangu, hapo kichwa changu kikawa kama zizi lililofunguliwa pande zote. Nikimbilie polisi Kahama. Niende nyumbani Kolandoto nikamwambie mama. Nishuke mwenyewe. Mfa maji haachi kutapatapa. Niliokota kamba nyingine nikaanza kujifunga kiunoni, na ndipo mkono ukanishika kitenge kwa nyuma. Alikuwa Mama Kulwa, mama wa makamo aliyewapikia wachimbaji.

"Unakwenda wapi, ng'wanone?" Kisukuma hicho, maana yake mwanangu.

"Kumtoa kaka yangu."

"Yuko wapi?"

Nilikaza fundo la kamba.

"Hujui aliko, na umeshajifunga kamba. Kwa shujaa huenda kilio, na mimi leo sina machozi ya watu wawili. Kaa chini."

Akanipa kisu na viazi vitamu alivyokuwa akikata vya kuanika michembe. "Kata vyembamba. Ukijikata, bado hujawa tayari kusema."

Niliona ni ukatili. Kaka yangu yuko udongoni, mimi nakata viazi! Nilijikata mara ya kwanza, akanifunga kidole kwa kitambaa. Niliendelea. Kiazi cha pili kilitoka vizuri kuliko cha kwanza, na nilipofika cha tatu mkono haukutetemeka tena. Ndipo akaniuliza.

"Umesikia nini?"

"Misukule."

"Hayo waliyasema hao. Wewe umesikia nini?"

"Kugonga."

"Na ulipoita?"

"Kukakoma."

"Sasa niambie. Aliyekwisha kufa ana hofu gani ya kuitwa?" Akachukua kisu chake. "Anayeogopa jina lake ni mzima."

Niliweka kisu chini. Masanja naye alikuwa mchimbaji. Alikuwa ameisikia sauti ya dada yake gizani, akafanya kama alivyofundishwa: akanyamaza. Sisi huku juu tunaogopa kilicho chini, yeye kule chini anatuogopa sisi.

Baba Neema alikuwa amesogea akisikiliza. "Mama Kulwa, na kama ndio ujanja wao?"

"Basi mumwulize kitu wasichokijua. Hiyo misukule yako imewahi kulima kwa kina huyu?"

Mtu mmoja alicheka kidogo, akajizuia. Lakini mimi nilikuwa nimeshapata. Nyumbani tulilima kwa maksai wawili, mimi nikiwaongoza mbele, Masanja ameshika plau. Mmoja aliitwa Jeuri. Wa pili baba alimwita Siasa, kwa sababu alianza kwa nguvu asubuhi, mchana haonekani.

Nikarudi ukingoni. Sikuita jina la mtu. "Jeuri! Rudi mtaroni!"

Udongo ukateremka kidogo. Kisha kutoka ndani ya duara kuukuu, sauti nyembamba kama inayopita shingoni mwa kibuyu: "Nawe Siasa, kaza, mvivu wewe."

Baba Neema ndiye aliyekuwa wa kwanza kushika koleo. Mporomoko ulikuwa umefungua njia kati ya mashimo mawili, naye Masanja akatambaa mpaka upande wa pili, akawa anagonga kwa jiwe. Waliegemeza magogo wakishuka, na jua lilikuwa halijazama walipomtoa, mweupe kwa vumbi kama aliyepakwa unga.

Alikunywa uji, akanitazama. "Ulinitisha, dada. Ulipoita mchana niliweza kunyamaza. Lakini ile asubuhi, ulivyokuwa unalia huku unaniita, nusura niitike."

Asubuhi mimi nilikuwa Nyasubi, nakunjua vitenge.

Nilimgeukia Mama Kulwa. Alikuwa anatandaza michembe juani, hata hakuinua uso. "Hilo halidai uamuzi leo," alisema. "Mpe kaka yako maji."

Mpaka leo sijui ni nani aliyelia asubuhi ile. Nimezeeka nalo, na usingizi napata.

Mwanangu, nasikia siku hizi mnasema msongo wa mawazo. Sisi hatukuwa na jina lake, lakini tuliujua unavyobisha. Ukikujia, usianze kwa kujifunga kamba. Ipe mikono kazi ndogo, kata kiazi, fua shati, mpaka itulie. Kisha tenga ulichokisikia mwenyewe na ulichosimuliwa na waoga, kwani hapo ndipo wengi hupotelea. Mtafute mmoja mwenye akili tulivu akuulize maswali. Ukipata la kufanya, lifanye bila kuchelewa. Na lisilodai uamuzi leo, liache lilale nje.

Mungu akupe mkono usiotetemeka, na mtu wa kukushika nguo kwa nyuma unapoelekea shimoni. Na siku jina lako litakapoitwa gizani, akujalie utulivu wa kumjua anayeita kabla hujaitika.