Blanketi la Mama Mkwe

Nijicheke mwenyewe kabla hamjanicheka, maana nani mwingine hapa aliitwa kikojozi mbele ya wakwe zake, tena karani mzima wa ofisi ya serikali pale Makiso, suti ya abacost imefungwa vifungo mpaka kooni?

Ilikuwa enzi za Zaïre. Posa ya Sifa ilikuwa imekubaliwa, limebaki blanketi la mama yake tu, kwani bila hilo binti hatoki. Nikapata moja la sufu, jekundu, zito, la kutoka Ulaya (hivyo ndivyo muuzaji alivyosema, nami mjinga nikaamini). Ningelisukuma chini ya kitanda yangeishia hapo. Lakini chef wangu, mkubwa wa ofisi, mtu wa tumbo kubwa na climatiseur ya kupoza hewa nyumbani, kila siku alikuwa anatuambia kwamba mtu aliyestaarabika hulala chini ya sufu na kuamka mwepesi, si kama sisi wa mikeka. Nikasema, ngoja nilijaribu kidogo kabla sijalitoa.

Sasa tazama hiyo akili! Yeye analala kwenye baridi, mimi kwenye chumba cha bati, madirisha nimefunga kwa sababu ya mbu, nikamwachia baridi yake nikachukua sufu tu. Nilitokota mpaka kukacha, blanketi likalowa chapachapa, na ofisini nikasinzia juu ya mihuri. Mwenye akili angeacha. Mimi nikajiambia mwili haujazoea ustaarabu, nikaendelea hivyo hivyo, na kila asubuhi nikalianika kwenye kamba katikati ya ua, kwa maringo, ili majirani waone. Nao wakaona.

Siku ya kulitoa, mvua ilikuwa imenizuia kulianika vizuri. Tonton Yuma, mzee msemaji wa ukoo wa Sifa, akalifungua mbele ya watu, akalinusa, akakunja uso. Pembeni yake alikaa Mama Asha, jirani yangu (nani alimwalika, mpaka leo sijui).

"Iko ile ya kwenye kamba," Mama Asha akasema. "Asubui yote iko maji. Nilizani kuko mutoto ndani ya nyumba. Hakuna mutoto, iko yeye!"

"Citoyen," akasema Tonton Yuma, kama tulivyoitwa sote enzi zile, "unakojoaka kitanda?"

"Hapana, tonton! Iko jasho!"

"Jasho? Mutu analala, analima shamba gani?"

Ua mzima ukapasuka kwa kicheko. Sifa alitoka jikoni, na yeye hakucheka, macho yalikuwa yamejaa machozi, ndipo nikaogopa kweli kwamba nimempoteza kwa ajili ya maringo ya kijinga.

"Bon," akasema Tonton Yuma. "Alale hapa. Tuone."

Basi mchana huo huo, jua la baada ya mvua likiwaka, wakatandika mkeka uani (mkeka niliokuwa naudharau!), nikalazwa na abacost yangu, nikafunikwa lile blanketi mpaka kidevuni, wazee wakanizungushia viti kana kwamba wako kwenye matanga. Mama mkwe mwenyewe aliniwekea mto. Nilitiririka kuanzia kwenye utosi. Waliponifunua, Tonton Yuma akaikamua abacost, akanusa vidole, akafikiri sana.

"Ni kweli, iko jasho," akatangaza. "Mwili yake iko muzima. Akili tu ndiyo hana. Sifa, unamutaka vile vile?"

Sifa akafuta macho. "Namutaka, lakini ile bulangeti isiingie ndani ya nyumba yangu."

Nikalipa blanketi jipya, ambalo sikuligusa hata kwa kidole. Lile jekundu mama mkwe alilitandika mezani kupigia pasi, na liko pale hadi leo. Sisi tunalala madirisha wazi chini ya chandarua, tumejifunika kitenge chepesi, na sufu sitajifunika tena maisha yangu yote. Ila kila nikienda kumsalimu mama mkwe (mimi kwake ni bokilo, yaani mkwe), joto likiwa la kumfanya mbwa aheme kivulini, yeye huinua pasi yake ya makaa na kuniuliza kwa upole, mbele ya watoto wangu:

"Bokilo, nikufunike?"