Kulala Bure Mumbuni

Barua ya ufadhili ilikuja kwenye simu yangu Jumapili, tulipokuwa tumetoka kanisani. Baba hakutaka nimsomee yote. Alitaka kujua jambo moja tu: sisi tunabaki kulipa nini?

Nilimweleza polepole. Karo ya chuo ilikuwa imegawanywa. Sehemu kubwa ingelipwa na serikali kama ruzuku, sehemu nyingine ilikuwa mkopo ambao ningeulipa nikishapata kazi, na kilichobaki kilikuwa chetu. Hicho chetu hakikuwa kikubwa. Baba akageuka akaangalia upande wa zizi la mbuzi, nikajua ameshakilipa kichwani.

"Hiyo tutaweza," akasema.

Mama alikuwa akipepeta ndengu kando ya jikoni. Hata hakuinua kichwa. "Na kulala je? Na kula?"

Kutoka kwetu Kivaa hadi Machakos mjini si safari ya kwenda na kurudi kila siku, mtu akabaki na nguvu ya kusoma. Nilikuwa nimeulizia kitanda katika hosteli karibu na chuo, nikaambiwa elfu nne kwa mwezi, chakula ujitafutie. Nilipoitaja hiyo bei, baba aliliangalia zizi tena. Barua haikuwa imesema lolote kuhusu mahali pa kulala.

Ndipo mama akampigia simu mdogo wake anayeishi Mumbuni, pale pale Machakos. Niliisikia sauti ya Anti ikitoka kwenye simu, imejaa furaha. "Kwani unaniuliza? Aje! Hapa ni kwao. Atalala bure, atakula bure, asome tu."

Baba alicheka kwa mara ya kwanza siku ile. Hesabu ilikuwa imekamilika.

Anti alikuwa keshia katika duka kubwa mjini. Mumewe alikuwa dereva wa lori, mtu wa kukaa safarini wiki nzima. Walikuwa na watoto wawili, msichana aliyekuwa ameanza nasari na mvulana aliyejifunza kutembea akishikilia viti. Palikuwa pia na dada wa kazi, msichana wa rika langu, ambaye nililala naye chumba kimoja. Usiku wa kwanza alinionyesha mahali pa kuanika nguo zisiibwe.

Muhula ulikuwa mchanga bado niliporudi siku moja kutoka chuoni nikakuta kitanda chake kimebaki godoro tupu. Anti alikuwa jikoni akisonga ugali.

"Nimemwachilia aende kwao," akasema. "Sasa niko na wewe. Tutasaidiana."

Nikasema sawa. Ningesema nini?

Tangu siku hiyo nilikuwa wa kwanza kuamka. Nilipika uji, nikaogesha watoto, nikampeleka msichana nasari na kumwacha mvulana kwa jirani mmoja mama mzee, kisha nikashuka chuoni karibu nikikimbia. Nilikuwa nikisomea kazi ya maabara ya hospitali. Masomo ya asubuhi niliyaweza. Tabu ilikuwa alasiri, saa za kufanya kazi kwa mikono, kwa sababu kuna wiki ambazo Anti aliingia kazini saa sita mchana na jirani alikubali kukaa na mtoto asubuhi tu. Nikaanza kuchagua somo la kukosa. Wenzangu walibaki maktaba wakisoma kwa vikundi, mimi nikawa napanda kurudi Mumbuni nikiwaza kama nepi zimekauka.

Na Anti hakuwa mtu mbaya. Siku aliyoona soli ya kiatu changu imefunguka, alinunua viatu vipya bila kuniambia, akaviweka kando ya kitanda. Nyama aliyojipakulia ndiyo niliyopakuliwa. Hakuwahi kunitukana. Nadhani hilo ndilo lililonifunga mdomo kabisa, maana angalau matusi ningekuwa nayo ya kumpelekea mama.

Nilijaribu kumwambia mama mara moja kwa simu. "Mwaitu, nimechoka."

"Mwana wakwa, vumilia," mama akaniambia. "Umepewa nyumba, umepewa chakula. Unajua ni wangapi wamekosa?"

Nilijua. Darasani kwetu walikuwepo walioacha chuo kwa sababu ya kodi ya chumba.

Pesa za matumizi kutoka kwenye mkopo zilipoingia, zilikuwa zimechelewa sana, na nilikuwa nimeshazipangia. Nilikuwa nimezungumza na msichana mmoja wa darasani tugawane chumba. Jioni hiyo hiyo Anti akaniita mezani. Gesi ilikuwa imeisha, na mwenye nyumba alikuwa amepiga simu mara mbili. "Nisaidie kidogo tu, nitakurudishia mwisho wa mwezi." Nilimtumia nikiwa nimekaa mbele yake. Mwisho wa mwezi ulifika, hakuna aliyeutaja.

Basi ikafika siku ya mtihani wa vitendo. Anti alikuwa ametoka alfajiri kwenda kazini. Nilipomwamsha mvulana, nikasikia mwili wake unachoma. Nilimpigia Anti simu, haikushikwa. Makeshia huacha simu zao kwa kabati mpaka wamalize zamu. Nikamkimbilia jirani, nikakuta mlango umefungwa, amekwenda mazishini. Nikasimama pale uani, mtoto begani, koti jeupe la maabara kwenye mkono mwingine. Kisha nikaita bodaboda, nikampeleka hospitali.

Alipimwa malaria. Mtu wa maabara alimdunga kidole, akapaka damu kwenye kioo, na mimi nikawa natazama mikono yake nikijua kwamba wakati huo huo wenzangu wanafanya kazi hiyo hiyo na wanapewa alama. Mtoto alilia, akalala kifuani pangu. Dawa zilitolewa. Tulipotoka nje jua lilikuwa juu na mtihani ulikuwa umeisha.

Mwalimu alinisikiliza hadi mwisho. "Mtoto ni wako?"

"Hapana. Ni wa mamangu mdogo."

"Basi siwezi kukusaidia. Hili somo utalirudia mwaka ujao, pamoja na yale mengine uliyokosa sana."

Nikaenda ofisi ya karo kuuliza mwaka huo wa ziada utalipwa na nani. Karani aliyekuwa dirishani aliangalia kompyuta yake, akaniangalia mimi. Ruzuku ni ya miaka iliyoandikwa, akasema. Ukirudia, unajilipia.

Jioni hiyo Anti alifika akiwa bado na sare yake ya kazi, akakimbilia mtoto kwanza, akamshika paji la uso. Alinishukuru mara nyingi. Tulipokaa nikamwambia kuhusu mtihani. Akasema pole, Mungu atafungua njia nyingine. Hapo ndipo kitu kikanitoka.

"Anti, yule dada ulikuwa ukimlipa pesa ngapi?"

"Elfu saba. Kwa nini?"

"Hosteli ni elfu nne."

Alielewa mara moja. Aliweka kikombe chini.

"Kwa hivyo niko na deni lako?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema." Nilipodhani atainuka aende zake chumbani, akaanza kuongea akiangalia meza. "Unafikiri nilimwachilia kwa sababu gani? Mjomba wako hana kazi. Lori liliuzwa kabla hujakuja. Huko aliko anatafuta, hatumi kitu. Mama yako alipopiga simu, nilienda chumbani nikamshukuru Mungu." Akapangusa uso kwa kiganja. "Ukienda hosteli leo, mimi kesho naacha kazi, kwa sababu watoto hawa hawawezi kujilea. Nikiacha kazi, nyumba imeenda."

Hakuwa akinitisha. Naye alikuwa na hesabu yake, alikuwa ameifanya muda mrefu kabla yangu, na jibu lake lilikuwa mimi. Nilikuwa nimeishi naye katika nyumba moja nikidhani mjomba yuko safarini.

Sikuhama. Anti alimwomba msimamizi wake ampe zamu za asubuhi tu, na kwa hiyo akapoteza yale marupurupu ya jioni. Mwaka wa kurudia, nusu ya karo ilitoka kwa ndengu za baba. Nusu nyingine Anti aliitoa kwenye chama chake cha kuchangiana pesa, zamu yake ya kupokea ilipofika, akanikabidhi bila maneno mengi. Nilizipokea kwa mikono miwili. Nilikuwa najua kwamba tangu wakati huo sitaweza tena kumwambia mtu yeyote kwamba alinitumia.

Wenzangu walihitimu, nikaenda kuwapiga picha. Mimi nilimaliza mwaka uliofuata. Siku niliyobeba sanduku langu kutoka Mumbuni, mvulana alinishika sketi akakataa kuniachilia, ikabidi Anti amfungue vidole.

Nyumbani Kivaa walinifanyia chakula. Baada ya maombi, Anti akasimama mbele ya jamaa wote, amevaa kitenge kipya. "Huyu nimemsomesha mimi," akasema. "Amekaa kwangu miaka yote minne, bure kabisa." Watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga. Baba alitikisa kichwa kwa shukrani, machozi yakimlenga.

Sasa nafanya kazi katika kliniki moja mjini, na kila mwezi mkopo unakatwa kabla mshahara haujanifikia. Anti hurudia maneno yale kila tunapokutana kwenye harusi au matanga. Nimejaribu kutafuta uongo ndani yake nikaukosa. Alinilisha, alinivisha, alinilipia.

Juzi mama aliniuliza kwa sauti ya chini, tukiwa wawili tu, kama kule nilipata shida. Nikamwambia hapana. Alingoja aone kama nina la kuongeza. Nikainuka, nikamjazia chai.