Mafuta ya Nazi Kwenye Bunduki ya Nassor

Iko Jumamosi moja ya baridi, mwanangu, ambayo hadi leo nikiikumbuka natamani kujifunika uso kwa mtandio. Ilikuwa hapa hapa London, miaka ya tisini, tukikaa Hayes kwenye fleti ya juu, ndege zinapita karibu hata vikombe vinalia kabatini. Nimesikia umenunua bunduki ya kuchezea, ile ya airsoft inayorusha vidonge vya plastiki, na unahangaika kuulizia inasafishwaje, inatiwa mafuta gani. Umewauliza wenzako, umeitafuta kwenye simu, mie hukuniuliza. Skuli niliishia darasa la nne, kweli, lakini hilo nalijua, na nililijua kwa aibu. Kaa nikuhadithie.

Mdogo wangu Nassor, tuliyezaliwa naye baba mmoja mama mmoja, alikuja kwangu akiwa na miaka ishirini na saba. Unguja alikuwa mtu wa vichekesho, harusi haikamiliki bila yeye. Huku akanyamaza. Akirudi kutoka ghala la mizigo alikokuwa akifanya kazi, anakula, analala, basi. Siku zake za mapumziko hata pazia hafungui. Nikimsemesha ananijibu, "Niko sawa, dada," na mie namwona hayuko sawa.

Aliyemtoa ndani ni Hamad bin Khamis, kijana wa Wete, Pemba, mwenzake wa ghalani. Alikuja siku moja akasimama mlangoni mwa chumba cha Nassor.

"Nassor, utaota ukungu humo. Jumapili twende msituni tukapigane."

Nikashtuka. "Mkapigane na nani?"

"Na Wazungu, dada. Kwa plastiki lakini, usiogope."

Kumbe ni mchezo. Wanagawanyika makundi mawili, wamevaa miwani mikubwa ya kukinga macho, wanawindana kwenye miti. Mie niliona utoto mtupu, watu wazima na ndevu zao. Lakini Nassor alirudi ana matope mpaka masikioni, akala sahani mbili za wali, akanihadithia jinsi Terry, Mzungu mnene wa ghalani kwao, alivyojificha nyuma ya mti mwembamba. Alicheka, mwanangu. Nilikuwa sijakisikia kicheko hicho tangu ateremke uwanja wa ndege. Hamad akampa bunduki yake ya zamani, ndefu, ya kukoki kwa mkono, ina springi ndani, yeye akanunua nyingine. Ikawa kila Jumapili Nassor anaamka kabla saa ya kengele haijalia.

Sasa njoo kwenye Jumamosi yangu. Nassor yuko kazini, bunduki imelala juu ya rafu, pembeni ya hita. Nilikuwa nimeshaisikia akiikoki, inakwaruza kama bawaba kavu. Nikasema, hebu nimfurahishe mdogo wangu. Na kwangu mie mafuta ni ya nazi. Ya nywele hayo, ya visigino hayo, ya mlango unaolia hayo, hata mkasi wangu wa kushonea nilikuwa naupaka hayo. Nikaiweka chupa juu ya hita mpaka yakayeyuka, yakawa mang'avu kama maji. Nikayamimina. Nikayatia kwenye mtutu, nikayatia kila tundu nililoliona, kisha nikaifuta kwa nje ikang'ara. Jioni Nassor akaikoki, akasema, "Leo laini!" Nikachekea jikoni peke yangu. Sikumwambia. Nilitaka ajionee mwenyewe uzuri wake, kisha ndiyo nijisifu.

Jumapili kulikuwa na barafu kwenye majani. Unajua mafuta ya nazi yakipata baridi yanakuwaje? Mie mtu wa Zanzibar, nimekulia kwenye joto, nayajua yakiwa maji. Huko msituni yaligandia ndani ya bunduki kama mshumaa. Nassor akikoki, haivutiki. Akifyatua, kidonge kinadondoka miguuni kwake. Vingine havikutoka kabisa. Wenzake wakamcheka, na yeye hakuwa bado mtu wa kuchekwa. Akamgeukia Hamad mbele ya wote: "Umenitupia kibovu, kizuri ukajiwekea wewe."

Hamad akawasha gari. Alimrudisha mpaka nyumbani, ndani ya gari lenye joto, wakaingia sebuleni kwangu kwenye joto la hita, akaichukua ile bunduki akaifyatua kwenye sanduku la nguo kuukuu. Pa! Pa! Pa! Inapiga kama mpya.

"Bunduki nzima hii," akasema Hamad. "Kibovu ni aliyeishika. Muongo mkubwa weye."

Akatoka. Chai yangu ilibaki mezani na mvuke wake.

Jumapili iliyofuata Hamad hakuja. Ya pili, hakuja. Ghalani wakipishana, kila mtu anaangalia upande wake. Nassor akarudi kitandani, na pazia likafungwa. Katika siku hizo niliiona ile chupa yangu niliyoisahau kwenye dirisha la jikoni, mafuta yameganda meupe, huwezi kuyatoa ila kwa kijiko. Nikaishika mkononi, nikaelewa. Na nikanyamaza. Nilijiambia, mambo ya wanaume hayo, yatapita.

Nassor, bila kujua, aliniomba niipeleke bunduki Stanmore kwa Mzee Kanti, fundi wangu wa cherehani, kwa sababu alikuwa na mkono mzuri wa springi na vyuma vidogo vidogo. Nikaifunga ndani ya begi, nikapanda basi. Mzee Kanti alikuwa Muhindi wa Mombasa, makamo ya baba yangu, ana Kiswahili chake mwenyewe.

Kwanza akavaa miwani ya kukinga macho, akanivisha na mie. Akatoa ile magazini, kisanduku kinachowekwa vidonge, akauelekeza mtutu chini kwenye ndoo ya vitambaa, akakoki, akafyatua. Kikatoka kidonge!

"Naona, mama? Magazini iko nje, lakini moja nalala ndani. Hii ndiyo natoboa macho ya watu."

Akakoki, akafyatua tena, patupu. Ndipo akaifungua. Akatia kidole, akakinusa, akaniangalia.

"Hii nazi. Nani natia?"

"Sijui," nikasema.

Alivua miwani taratibu. "Mama, mimi zaliwa Mombasa. Hapa nimekaa na wewe saa nzima. Harufu ya bunduki na harufu ya kichwa yako, moja."

Nilitamani sakafu inimeze. Nikamweleza yote: Nassor, Hamad, chupa ya dirishani.

"Kuharibu si kitu," akasema. "Mimi kila siku natengeneza kitu watu naharibu, ndiyo nakula. Lakini vijana wawili nagombana, wewe nakaa na jibu ndani ya mdomo. Hiyo mimi hapana fundi yake."

Hakunisema zaidi. Akanipa kijiti chembamba na kitambaa, akanikalisha nisafishe mwenyewe. Kitambaa kikiwa kimelowa kidogo tu ile spiriti ya dukani, nikakipitisha kwenye mtutu, nikabadilisha, nikapitisha tena, mpaka kikatoka cheupe kama kilivyoingia. Njia ya kidonge, akaniambia, inatakiwa kavu kabisa, tone la mafuta hapo na kidonge kinakwenda kilevi. Kisha akanipa kichupa cha mafuta ya silikoni, akanionyesha raba iliyo kwenye pistoni, kile kinachosukuma hewa ndani, akasema tone moja. Nikatia moja, nikataka kuongeza, akanishika mkono. Mafuta ya kupikia, ya cherehani, ya gari, yote yanailainisha raba mpaka inaoza.

Nikarudi Hayes na bunduki nzima, na njia nzima shetani ananiambia, sema ilikuwa springi. Nassor angeamini. Na Hamad angebaki ndiye aliyetoa kibovu, milele.

Nilimwamsha Nassor. Nikamwambia kila kitu nimesimama, kwa sababu ningekaa ningelia. Hakunigombeza. Alisema tu, "Dada, nimemvunjia mtu heshima mbele za watu." Nikavaa koti, nikamwambia twende.

Hamad alifungua mlango yuko na taulo begani. Nikamweleza pale pale kizingitini. Akaniangalia weee.

"Mafuta ya nazi? Dada, ulitaka kuikaanga?"

Nikacheka kwa woga. Yeye hakucheka sana. "Nimekuelewa wewe. Lakini aliyenitukana si wewe."

Nassor akatoka nyuma yangu. "Nisamehe, Hamad. Na sikukuuliza kwanza."

"Na mie nimekuita muongo," akasema Hamad. "Jumapili gari linaondoka saa moja. Ukichelewa, sikungoji."

Hakuchelewa.

Basi, mwanangu, hiyo bunduki yako usiiguse kabla hujakinga macho. Toa magazini, elekeza mtutu mahali salama, fyatua mpaka ujue haina kitu, maana magazini kutoka si hoja. Mtutu usafishe na uuache mkavu. Mafuta yawe ya silikoni, tone, na huo mkono unaotaka kuongeza uzuie, hata kama ni wa mapenzi. Kitu cha mtu, muulize kabla hujakitengeneza. Na ukikiharibu, na lazima siku moja utakiharibu, kaseme siku ile ile, kabla watu hawajaanza kukosana kwa ajili yako. Mie nilichelewa wiki mbili, na wiki mbili hizo nilikuwa nikimsikia ndugu yangu akigeuka kitandani mchana kweupe.

Mungu akuhifadhie macho yako na ya unaocheza nao. Akupe marafiki wanaofungua mlango, na akupe miguu ya kuwaendea. Amin, mwanangu, amin.